Asiyezika, Atazikwa na Nani?

Kaburi lililotakiwa kuwa tayari saa nne asubuhi lilikuwa halijaguswa hata kwa jembe ilipofika saa sita mchana. Sururu zilikuwepo, sepetu zilikuwepo, na mahali palikwisha kuonyeshwa kando ya ua wa minyaa. Wachimbaji ndio waliokosekana. Nyumbani kwa marehemu wanawake watatu walihangaika na sufuria moja, na turubai lililoazimwa lilikuwa bado limekunjwa juu ya mkokoteni. Mtu wa Kisesa asingehitaji kuelezwa: marehemu hakuwa na nzengo.

Mkasa huo umetungwa ili mjadala upate pa kuanzia, ingawa sidhani kama kuna sehemu yake ambayo mkazi wa huko ataiona ngeni. Wanaoujadili nao wameketishwa na mwandishi: katibu wa nzengo, katekista, muuguzi mstaafu na kijana wa bodaboda. Hawana majina, anayeishi kandokando ya barabara ya Musoma anaweza kuwapa mwenyewe. Miaka, meli, utafiti na takwimu zitakazotajwa ni mambo yaliyotokea.

Kisesa yenyewe ni ile ya Wilaya ya Magu, kilomita zipatazo 20 mashariki ya jiji la Mwanza. Iko Kisesa nyingine Meatu, mkoani Simiyu, na Meatu nayo itaingia humu kabla hatujamaliza. Hii ya Magu inajulikana kwa Bujora, mahali ambapo katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, alianza kukusanya ngoma, viti vya watemi na nyimbo za Wasukuma, kazi iliyozaa makumbusho yanayotembelewa hadi leo. Kanisa la pale ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kila mwaka sikukuu ya Ekaristi inapokaribia, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kucheza katika tamasha la Bulabo mpaka vumbi lifunike miti. Kwa hiyo swali la wapi ujirani wa Kisukuma unaishia na wapi Ukristo unaanzia halikuletwa Kisesa na msiba wa leo.

Nzengo, kwa asiyelijua neno hilo, ni ujirani uliopewa uongozi: kaya za eneo moja, mwenyekiti wao, katibu wao, na daftari. Msiba ukitokea, kila kaya inaleta kuni, maji, unga na fedha kidogo. Wanaume wanachimba, wanawake wanapika, majina yanaitwa. Asiyeitika anapigwa faini. Anayekaidi faini anatengwa, na makali ya adhabu hiyo huyaonja siku ana maiti ndani.

"Msinitazame hivyo," katibu anasema akikaa kwenye gogo chini ya mwembe, daftari likiwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Mimi sikumwua. Marehemu alikaa hapa miaka sita. Katika miaka hiyo tumezika mara kumi na nne. Hakuleta hata ukuni mmoja. Tulimwita kikaoni, akasema yeye ni mtu wa biashara, hana muda. Sasa leo muda anao."

"Bhabha, acha hayo," muuguzi anamkemea. Bhabha ni baba kwa Kisukuma, na mayu ni mama.

"Nasema yaliyoandikwa, mayu. Ninyi wa makanisa mnaliita jambo hili upendo. Sisi tuliobaki na ya wazee tunaliita ujirani, na tunaliandika. Upendo usioandikwa ni maneno ya harusini."

Ingekuwa rahisi kumfanya katibu huyu mtu mbaya wa hadithi, na mwandishi mvivu angefanya hivyo. Lakini jaribu kuishi mahali ambapo hakuna kampuni ya mazishi, hakuna gari la maiti, na jua la Januari halimsubiri mtu. Udongo wa Kisesa una mawe makubwa chini ya kichanga; kaburi moja linaweza kuwatoa jasho wanaume wanane kwa nusu siku. Kila mmoja akisubiri asukumwe na moyo wake, maiti itaharibika. Daftari ndilo linalomtoa mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri akachimbie kaburi mtu ambaye hakuwa akimpenda.

Katekista naye, jambo linaloshangaza kidogo, yuko upande wa daftari. Analo la kwake. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokubaliana katika miaka ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, Mkristo wa kijijini hujulikana kwanza kwa jumuiya yake: nyumba kumi, kumi na tano, zinazosali pamoja kila juma kwa zamu. Mtoto abatizwe? Barua ya jumuiya. Ndoa? Barua ya jumuiya. Na mazishi vivyo hivyo.

"Marehemu alibatizwa, sikatai," katekista anasema. "Alikuja Krismasi na Pasaka, amevaa viatu vizuri kuliko vya padre. Jumuiya hakuijua. Michango ya kanisa hakuijua. Nikisimama leo nimsalie kama nilivyomsalia mama aliyekuja kila Jumamosi kwa miaka ishirini, huyo mama nimemwambia nini? Na walio hai nitawaambia nini wakiniuliza kwa nini wajisumbue?"

Hapo kijana wa bodaboda, aliyekuwa amekaa kimya juu ya tangi la pikipiki yake, anacheka.

"Kumbe upendo wenu ni kikoba," anasema. "Uliweka, unatoa. Hukuweka, hutoi. Sasa kwa nini mnatusumbua na mahubiri? Si mngetupa tu vitabu vya hisa!"

Maneno hayo yanamuuma katekista kuliko anavyotaka kuonyesha. Anajitetea kwa kusema kikoba si dhambi, na hapo hajakosea. Wakristo wa kwanza wa Afrika walikuwa na kitu kinachofanana nacho sana. Karibu na mwaka 197, Tertullian wa Karthago, mji ulioko Tunisia ya leo, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi, na humo akaeleza sanduku lao: kila mwezi mwenye nacho aliweka kidogo, kwa hiari, na fedha zilikwenda kulisha maskini na kuwazika, kutunza yatima na wazee, na kusaidia waliofungwa kwa ajili ya imani. Kuzikana, basi, hakukuletwa na wamisionari kutoka Ulaya. Kulikuwa kazi ya Kanisa katika Afrika kabla sehemu kubwa ya Ulaya haijasikia habari za Kristo.

Ila sanduku la Karthago lilikuwa na jambo moja ambalo daftari la katibu halina. Aliyeweka fedha na aliyezikwa kwa fedha hizo hawakulazimika kuwa mtu yule yule. Miaka hamsini na kitu baadaye, tauni ilipoushambulia mji huo huo, Askofu Cyprian aliwahimiza waumini wake wawahudumie hata wasio Wakristo, na hao ni watu ambao muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakishangilia Wakristo wakiteswa. Hakuna kikoba duniani kinachoweza kuandika mkopo wa namna hiyo.

Muuguzi amesikiliza yote hayo akipepea nzi kwa kipande cha boksi. Alistaafu zamani, lakini magoti yake bado yanajua njia zote za Kisesa, maana alizipita kwa miguu katika miaka ambayo watu walikuwa wanakufa kwa zamu.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu Kisesa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambayo habari za UKIMWI zimefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Tangu 1994 watafiti wa Mwanza, wakiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wamekuwa wakipita nyumba hadi nyumba, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa, na kuwapima watu wazima wanaokubali. Katika awamu ya kwanza ya vipimo, karibu watu wazima 6 kati ya 100 walikuwa na virusi. Kufikia mwaka 2000 walikuwa karibu 8. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana Hospitali ya Rufaa ya Bugando, mjini Mwanza, kabla Kisesa haijapata kliniki yake, wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakitunza wagonjwa majumbani waliwasindikiza wagonjwa hao hadi Bugando, wakapanda nao magari na kukaa nao kwenye foleni.

"Nilimsindikiza mwanaume mmoja," muuguzi anasema. "Njiani aliniomba nikae kiti cha nyuma, yeye wa mbele, watu wasijue tuko pamoja. Nikakaa nyuma. Kule hospitali akaniomba nikae karibu. Nikakaa karibu. Mtu huyo, bhabha katibu, kwenye daftari lako alikuwaje?"

Katibu hajibu.

"Nakwambia mimi. Alikuwa na alama za mkasi mstari mzima. Misiba mitano hakuja. Alikuwa anaharisha, hawezi kutembea hatua ishirini. Daftari lako linaandika hakuja. Haliandiki kwa nini."

"Udhuru unapokelewa, mayu. Angetuma mtu."

"Mwaka tisini na nane? Atume mtu aseme nini?"

Kimya kinachofuata kinaeleweka na kila aliyekuwa mtu mzima Tanzania katika miaka hiyo. Wapo waliotengewa sahani na vikombe. Wapo waliozikwa kwa hotuba zilizotaja malaria, kifua kikuu au "ugonjwa wa muda mrefu", na wachungaji na makatekista walioshika maikrofoni walijua kama wasikilizaji wao walivyojua. Na wapo waliosikia kanisani, kabla hawajasikia neno la faraja, kwamba wamevuna walichopanda.

Katekista anainama. "Sisi tulikosea," anasema. Halafu, kama mtu anayekumbuka kwamba yuko katikati ya mabishano, anaongeza: "Lakini marehemu wa leo hakuwa mgonjwa. Alikuwa mchoyo. Mnataka kumfanya mtakatifu kwa sababu amekufa."

Hoja hiyo ina nguvu, na kijana anaikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa. Alimdai marehemu nauli ya mara mbili na hakulipwa. Kijana anasema amemsamehe deni, ananyamaza kidogo, kisha anasema hajalisamehe lote.

Aliyegeuza mjadala ni katibu mwenyewe, na alifanya hivyo bila kukusudia. Alikuwa anatoa mfano wa ugumu wa kuchimba makaburi, akasema hajawahi kuona kazi kama ile ya Igoma.

Igoma iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Musoma, kati ya Kisesa na mjini. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kuelekea Mwanza, ilipinduka asubuhi ikiwa imekwisha kukaribia bandari. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Walikuwemo wengi zaidi, na waliokufa ni mamia. Nchi iliomboleza siku tatu. Miili ilitolewa majini kwa siku nyingi, mingine ikiwa haitambuliki tena, na wengi ambao ndugu zao hawakuwapata walizikwa Igoma, katika makaburi ambayo kila Mei watu huenda kuyaombea.

"Nilikuwa kijana," katibu anasema. "Nilikwenda na baiskeli kutazama tu. Nikabaki siku nne. Nilibeba, nilichimba, nilifukia. Harufu ile sikuiacha Igoma, nilirudi nayo nyumbani."

"Walikuwa wa nzengo gani?" kijana anauliza.

"Nani?"

"Hao uliowazika."

Katibu anamtazama kijana kwa muda. "Ile ilikuwa dharura, ng'wanawane."

"Sawa. Kwa hiyo wageni mia tano mnawazika, mgeni mmoja hapana."

Kijana huyu anasoma sana kwenye simu anaposubiri abiria, na anajua jambo ambalo wazee hawa hawakulijua wakati ule. Kati ya waliokufa na MV Bukoba alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa ngazi ya juu wa al-Qaeda, aliyekuwa akisafiri kwa jina jingine. Miaka miwili baadaye wenzake walilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. "Kama angekuwa ni yeye uliyembeba?" anauliza. "Ungemtupa?"

"Maiti ni maiti," katibu anasema.

"Hata huyu wa leo?"

Mwandishi anakiri alitamani mjadala uishie hapo, kwa kuwa swali la kijana ni zuri na jibu lake linajulikana. Luka, katika sura yake ya 10, ana mgeni anayesimama njiani kumwinua mtu wa taifa lisilopatana na lake, na kila mtoto wa kipaimara Kisesa anaweza kuisimulia hadithi hiyo. Lakini muuguzi hakuridhika. Kumzika mgeni ni kazi ya siku moja, alisema. Mgeni akishafukiwa hakuombi chumvi, haketi jirani na wewe, wala mtoto wako hapatwi na degedege usiku mtu akanong'ona jina lake. Kisha akamwomba katibu afungue daftari nyuma kabisa, miaka tisa au kumi iliyopita, atafute jina la bibi aliyekuwa akikaa karibu na kisima cha zamani.

Katibu hakulitafuta. Alijua lilipo. Lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni pameandikwa: amehama.

"Alihama?" muuguzi anauliza.

Usukuma una historia ambayo wenyeji hawapendi isimuliwe na wageni, na pengine ndiyo sababu inafaa isimuliwe chini ya mwembe wa nyumbani. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya takwimu za serikali za kati ya 1970 na 1984: watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na imani za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Mesaki alitazama pia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu waliozoea kuishi mbalimbali na kuwapanga ukuta kwa ukuta na watu wasiowajua. Sungusungu, waliozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, mahali pengine waliwaandama pia walioitwa wachawi.

Ushahidi wa uchawi mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Na macho ya bibi wa kijijini yatakosaje kuwa mekundu, akiwa ameinamia moshi wa kuni na samadi kavu kwa miaka hamsini, akiwapikia watu haohao?

Na hapa ndipo Meatu inapoingia. Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alifuatilia vijiji 67 vya wilaya hiyo kwa kipindi cha kama miaka kumi kuanzia 1992, akalinganisha mauaji na mvua. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yaliongezeka mara mbili. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono wa jamaa ulihusika. Njaa ikiingia nyumbani, michembe ya viazi ikiisha kapuni, yupo mtu aliyetazamwa kama mdomo wa ziada.

Katibu anasema kweli yote, na ni haki yake isikike. Hakuna aliyemgusa bibi yule. Kilifanyika kikao. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa, kisha ng'ombe wawili, kisha mtu akaota. Watu wakasema aondoke kabla vijana hawajafanya jambo. "Nilimwambia ahame ili aishi," katibu anasema. "Ningefanya nini? Ukimtetea anayeitwa mchawi, wewe ni wa pili. Nina wajukuu."

"Daftari lake lilikuwaje?" kijana anauliza. Safari hii anauliza taratibu.

Katibu anageuza ukurasa, ingawa hana haja. "Kamili," anasema. "Hakukosa msiba hata mmoja."

"Na jumuiya?"

Katekista anachelewa kujibu. "Kila Jumamosi. Alikuwa anakuja mapema kufagia mahali pa kukaa."

Basi hesabu ya kikoba ilikuwa imetimia pande zote mbili, na mwenye hisa alifukuzwa usiku na godoro moja kichwani. Katika mjadala wote huu hakuna lililomfanya mwandishi afikiri zaidi. Ukaribu uleule uliowezesha wanaume wanane watokee alfajiri na sururu ndio uliowezesha kikao kile kifanyike bila mtu mmoja kupaza sauti. Waliomchukia bibi pengine walikuwa wawili au watatu. Waliobaki waliogopa. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, una neno juu ya upendo na hofu. Katekista analijua kwa moyo, na kwa heshima yake inafaa kusema kwamba hakulitamka.

Alichofanya ni kuuliza swali la vitendo: angeweza kufanya nini siku ile? Muuguzi alikuwa na majibu kadhaa, na hakuna hata moja lililohitaji ushujaa mkubwa. Alikumbusha kwamba hapa hapa Magu liko shirika la MAPERECE, lililofanya kazi kwa miaka mingi na wazee waliosingiziwa uchawi: vikao na wanavijiji, ukarabati wa nyumba, na majiko yanayopunguza moshi. "Jiko la udongo, katekista. Jumuiya ya watu kumi na tano inajenga jiko kwa asubuhi moja. Macho yanapona kidogo, na maneno yanapungua kidogo. Ninyi mlimpelekea bibi rozari."

Katekista aliona rozari imesemwa kwa dharau, na alisema hivyo. Muuguzi aliomba radhi kwa ajili ya rozari, hakuomba radhi kwa ajili ya jiko. Hoja yake si ngeni katika nchi hii. Oktoba 1970, Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekwenda misa kila asubuhi, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa likikaa mbali na mapambano dhidi ya mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana mbele ya maskini hao. Aliongea kuhusu mataifa na uchumi wa dunia. Muuguzi anaongea kuhusu moshi. Mwandishi anadhani wanaongea jambo moja, ila katekista angependa ieleweke kwamba yeye hajakubali bado.

Saa nane ikapita. Wakati wazee wakibishana, kijana alikuwa amepiga simu kijiweni. Bodaboda wana utaratibu wao wa kuzikana, kwa kuwa wanazikana mara nyingi mno, na wakaja kumi na mmoja kwa pikipiki saba, viakisi mwanga vya rangi ya chungwa vikiwa bado mwilini. Hakuna aliyemjua marehemu zaidi ya kumbeba. Wakavamia ardhi kwa bidii na ujinga mwingi. Baada ya nusu saa upande mmoja wa shimo ulikuwa umelala kama mfereji wa mpunga, na sururu moja ilikuwa imevunjika mpini kwenye jiwe.

Katibu alivumilia kadiri alivyoweza. Halafu akatoa shati, akalikunja juu ya daftari, akaenda.

"Mnachimba kaburi au mnatafuta viazi?" alisikika akifoka kutoka shimoni. "Anza na kona! Jiwe halipigwi kichwani, linatafutwa mkia! Lete huo mtaimbo." Wanaume wawili wa nzengo waliokuwa wakichungulia nyuma ya minyaa walipomwona katibu wao ameingia hadi kiunoni, walitazamana, nao wakaja. Wanawake wakaanza kutokea na ndoo.

Katekista alisalia pembeni na kitabu chake cha ibada mkononi, akitafuta ukurasa. Alipoulizwa na muuguzi kama atasali bila barua ya jumuiya, alisema barua ataiandika yeye mwenyewe kesho, na kama paroko atamwita, atakwenda. Hakusema atakwenda kusema nini.

Walizika saa kumi na moja. Baada ya maji ya kunawa kupitishwa, katibu alirudi kwenye gogo, akavaa shati, akafungua daftari na kuanza kuandika waliohudhuria. Aliwaandika bodaboda wote kumi na mmoja, ingawa hawana kaya katika nzengo ile. Mstari wa marehemu aliuacha ulivyo, na alama zake kumi na nne.

"Yule bibi yuko Nyanguge kwa binti yake," kijana alisema huku akifuta tope kwenye sahani ya namba. "Nilimpeleka kliniki ya macho mwezi uliopita. Aliniuliza kama kisima bado kina maji."

"Hadi Nyanguge unatoza ngapi?" muuguzi aliuliza.

"Kwenda na kurudi, mayu, elfu kumi. Kwako nane."

"Jumamosi?"

"Jumamosi ni jumuiya," katekista alisema, halafu akakaa kimya kidogo. "Labda baada ya jumuiya. Saa tano. Je, pikipiki yako inabeba watatu?"

"Mishikaki? Trafiki wamejaa pale kwenye mizani siku hizi."

"Basi waite wenzako wawili," katibu alisema bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Tutakuwa abiria watatu. Na hao wenzako uwaambie wasitoze bei ya mjini."